Miche ya Bwana Shamba

Sikumpenda yule mzee, na sioni sababu ya kuanza kumpenda leo eti kwa kuwa amekonda na anatembelea mkongojo. Kuna watu wakishazeeka tunawafutia makosa yao kimyakimya, tunaanza kuwaita wapole. Huyu hakuwa mpole. Nitamsimulia kama nilivyomjua tulipokaa nyumba moja Walthamstow, hapa London, mimi chumba cha juu kinachotazama barabara, yeye chumba cha chini karibu na jiko, tukichangia bafu, jiko na ugomvi.

Tulimwita Bwana Shamba. Nyumbani Tanzania alikuwa afisa kilimo wa serikali huko nyanda za juu kusini, na alipokuja London cheo kile alikuja nacho. Hapa alifanya kazi ya ulinzi kwenye jengo la ofisi mpaka akastaafu, lakini hakuna aliyethubutu kumwita mlinzi. Watu wa kanisani walimwita Bwana Shamba, Wakenya nao hivyo hivyo, hata mwenye nyumba wetu, Mhindi wa Kingsbury aliyezaliwa Mwanza, ambaye Kiswahili chake kilikuwa kinyoofu kuliko cha watoto wetu wengi. Jina lake halisi nililiona kwenye bahasha zilizoangukia mlangoni. Sina haja nalo.

Alikuwa na sauti ya mkutano wa hadhara. Kukuomba chumvi alikuomba kama anayehutubia wakulima mia wasiosikia vizuri. Mimi ni muuguzi, na siku nyingi nilirudi kutoka wodini miguu imevimba, nikimkuta jikoni. Namwamkia: "Shikamoo mzee." Anaitikia marahaba bila kugeuka, halafu: "Sista, mlango umeufunga? Baridi inaingia." Hata siku moja hakuniuliza habari za kazi. Baridi ilimhusu kwa sababu ya miche.

Alikuwa amekodi kipande cha bustani kutoka kansoli, yaani halmashauri ya mtaa, kimoja katika vile viwanja vidogo vilivyo nyuma ya reli, ambako wazee wa Kiingereza hukaa kwenye vibanda vyao wakinywa chai. Huko ndiko alikopanda. Lakini nchi hii huwezi kuatika mbegu nje mapema, udongo bado ni barafu, kwa hiyo majira ya baridi yakianza kulegea nyumba yetu yote iligeuka kitalu. Trei za miche zilikaa juu ya hita, juu ya friji, kwenye ngazi, juu ya televisheni ya mpangaji aliyekuwa amehama akaiacha. Nyanya, pilipili, mchicha, maboga, mahindi. Ulipita ukiwa umebana mikono kama mtu aliye dukani kwenye vyombo vya udongo.

Siku moja nilitoka zamu ndefu nikitaka maji ya moto tu. Nikafungua mlango wa bafu, nikakuta beseni lote limejaa trei.

"Mzee, nataka kuoga."

"Imenyweshwa sasa hivi, inachuja maji. Usiiguse."

"Nitaoga wapi?"

"Nyinyi wauguzi si mnawaogesha wagonjwa kitandani na kitambaa?" akasema, akicheka. "Jiogeshe."

Nikaoga kwenye sinki. Nikiwa najisugua nilimsikia chini akiimba pambio, sauti nzuri ya besi, na nilichukia zaidi kwamba ilikuwa nzuri.

Kwa miche alikuwa mtu mwingine. Hilo lazima niliseme, si kwa kumsifu, bali kwa sababu ndilo lililonikera kuliko yote. Kila asubuhi, kabla hajanywa chai, alizunguka trei zake zote na kupitisha kiganja juu ya majani, taratibu, kwenda na kurudi, mpaka vishina vyote vimelala na kuinuka. Nilimuuliza anafanya nini. "Humu ndani hakuna upepo," alisema. "Kwa hiyo upepo ni mimi." Usipoitikisa, alinieleza, inarefuka bure na kuwa na shingo ya uzi, ukiitoa nje siku ya kwanza inalala chini na haiamki. Baridi ikipungua zaidi aliitoa uani saa za jua na kuirudisha jioni, kidogo kidogo, siku baada ya siku, mpaka ikomae. Akiona wingu alitoka na kandambili kwenda kuitazama. Nimemwona akiufunika mche wa boga kwa fulana yake mwenyewe.

Bintiye hakuwahi kufunikwa na kitu. Neema alizaliwa hapa hapa London, baada ya wazazi kuachana alilelewa na mama yake, na alikuja kumwona Jumapili mojamoja, msichana mrefu, mtaratibu, anayefanya kazi benki. Mara ya kwanza nilipomwona alileta keki, akaiweka mezani na kusema kwa Kiswahili alichokiandaa, labda njia nzima ya treni: "Baba, mimi naleta keki kwa wewe."

Mzee akamtazama. "Naleta keki kwa wewe," akarudia kwa kumwigiza, akinikonyeza ili nicheke. "Umesikia, sista? Kasuku wa Kizungu huyu."

Sikucheka. Neema akaanza kukata keki. Tangu siku ile aliongea naye kwa Kiingereza tu, na mzee akawa anamlalamikia kila aliyekuja kwamba mtoto wake hajui lugha ya baba yake, mama yake kamharibu.

Alipenda kusimulia. Kwenye nyama choma ya Watanzania, kwenye ubatizo, kwenye msiba, ukimwekea sahani tu na watu watatu mbele yake, atafika kwenye hadithi ile ile: jinsi alivyoongoza operesheni za kung'oa bangi kule milimani. Polisi hawakuijua shambani, alisema, wakulima waliichanganya na mahindi. Yeye ndiye aliyetangulia mbele, akinyoosha fimbo: huu, huu, huu. Nyuma yake mapanga na moto. Kuna mama mmoja, alikuwa akisimulia, alijitupa chini akakumbatia mashina mawili, moja kila mkono, polisi wakamburuta pamoja na mizizi. Hapo alisimama kuonyesha, mikono imekumbatia hewa, uso umekunjwa kilio cha mwanamke. Watu walicheka. Alikuwa mwigizaji mzuri.

Mara moja nilimuuliza, "Huyo mama alikula nini mwaka ule?"

Aliniangalia kama niliyetema mate kwenye chakula. "Nitajuaje? Mimi nilikuwa kazini."

Kwa hiyo mtu wa namna hiyo alipopanda ngazi mwanzoni mwa majira ya kuchipua, akabisha mlango wangu na kusema, "Pole na kazi, sista," ningepaswa kushtuka. Hakuwahi kunipa pole hata nilipougua. Alikuwa amebeba vikopo vya plastiki kwenye ubao, kila kimoja na kamche kadogo ka majani mawili.

"Dirisha lako ndilo linalopata jua," alisema. "Asubuhi mpaka alasiri. Kule kwangu ni kivuli. Naomba uniwekee hizi bamia. Neema anazipenda, nataka nimshtukize."

Mimi nimekulia Kinondoni. Mashamba niliyaona nikiwa ndani ya basi, nikienda kumtembelea bibi. Bamia nilizijua zikiwa fungu sokoni. Na nilimfikiria Neema na keki yake, nikaona kama mzee anatafuta namna ya kumrudia mwanawe, basi dirisha langu siwezi kumnyima. Nikasogeza picha ya mama yangu, nikaweka vikopo. Alinionyesha namna ya kumwagilia: chini, si juu ya majani. Alinionyesha na ule upepo wake wa kiganja. Nikawa nafanya kila siku kabla ya kwenda kazini, na sitaficha, nilianza kuipenda ile miche. Ilikua haraka. Majani yakaja na meno pembeni, yamejigawa kama vidole. Nikawa naisalimia.

Aliyeniambia ni Achieng. Tulikuwa tunafanya kazi wodi moja, Mkenya wa Kisumu, ndiye rafiki niliyekuwa naye. Alikuja kuchukua mkoba wangu mkubwa wa safari, akaingia chumbani, akasimama katikati.

"Wewe," alisema, "hii ni nini unapanda hapa?"

"Bamia. Za yule mzee wa chini."

Akasogea dirishani, akasugua jani kati ya vidole, akanusa. Akaanza kucheka, halafu akaacha kucheka ghafla. "Mama, hii ni bangi. Kaka zangu wamevuta hii kitu tangu wakiwa shule. Usiniambie ati ni bamia. Uko na visa ya kazi, uko na leseni ya uuguzi, na unaweka bangi kwa dirisha, barabara yote inaona?"

Nilikaa kitandani. Nilikuwa nimebakiza muda mfupi niombe ukaazi wa kudumu. Miaka yangu yote hapa nilikuwa naihesabia mlango huo mmoja, maana nikishaupata ningemleta mama anitembelee, angalau mara moja kabla magoti hayajamkataza kabisa kupanda ndege.

Nilishuka na ubao mzima mikononi. Alikuwa anakula ugali.

"Mzee, hizi ni nini?"

"Bamia."

"Mzee."

Akameza tonge, akafuta mkono. "Ni miche tu," alisema. "Mche ni mche."

"Wewe si ndiye uliyekuwa unawang'olea watu?"

Hapo ndipo nilipomwona, kwa mara ya kwanza, akiongea kwa sauti ya chini. Alisema miaka yote ile aliing'oa ikiwa nusu, kabla haijatoa maua, kwa sababu ndiyo ilikuwa amri. Hakuwahi kuiona ikifika mwisho. Alisema ni mmea mzuri, usio na shida, unaostahili mkulima anayejua kazi, na wale wa milimani walikuwa wanaupanda ovyo. Yeye angeweza kuupanda hata London. Hakuvuta, na ninaamini hakuvuta; hata sigara hakugusa. Hakutaka kuuza. Alitaka kuonyesha tu, na sidhani alijua anataka kumwonyesha nani.

Labda mtu mwingine angeona huruma hapo. Mimi nilimfikiria yule mama aliyeburutwa na mizizi. Kumbe mzee aliyekuwa anamcheka alikuwa anamwonea wivu.

"Kwa nini kwangu?" nikamuuliza. "Kwa nini usiweke kwako?"

"Nimekwambia. Kwako kuna jua."

"Leo hii ziondoke."

"Nje bado kuna baridi. Zitakufa."

"Basi zife."

Akaniangalia kwa chuki safi kabisa, kama niliyemwambia nitamuua mtoto. Nikaweka ubao mbele ya mlango wake nikapanda juu. Nilisugua dirisha kwa sabuni, nikarudisha picha ya mama. Wiki ile yote nilimsikia akitoa vikopo uani na kuvirudisha ndani, mpaka siku moja havikuwepo tena. Alikuwa ameihamishia miche bustanini, katikati ya mahindi. Kule kule, kwenye ujanja ule ule wa watu wa milimani. Nilijiambia hayanihusu tena.

Kilichomfichua ni mdomo wake. Jirani yake wa bustani, bibi mmoja wa Kiingereza, alikuwa na mti wa tufaha, na mzee alidai kivuli chake kinamwibia jua. Aligombana naye majira yote. Akamwita mwizi mbele ya watu, akapeleka malalamiko kwa kamati ya viwanja, akadai waje wapime wenyewe mpaka. Alinishtakia hata mimi jikoni: "Watakuja! Mwenyekiti mwenyewe anakuja! Yule bibi atakata mti wake!" Wakaja na kamba ya kupimia. Ili kufika kwenye mti ilibidi wapite kwenye mahindi yake.

Polisi walifika nyumbani asubuhi, kijana mmoja na mwanamke mmoja, wapole, wakavua kofia. Nilikuwa nimetoka kuamka, niko ngazini na khanga yangu. Mzee amesimama jikoni na suruali ya bustani. Wakamuuliza miche aliipata wapi. Ile sauti ya mkutano wa hadhara ilirudi, kwa Kiingereza cha afisa wa serikali, kila neno limepigwa pasi. Akasema mbegu zilikuwa zake. Kisha akanyoosha kidole juu ngazini, kama alivyokuwa akinyoosha ile fimbo.

"Lakini miche imekuzwa kwa muuguzi. Dirishani kwake. Yeye ndiye aliyekuwa akimwagilia kila siku. Muulizeni."

Yule askari mwanamke alipanda kuangalia chumba changu. Alikuta alama za vikopo kwenye rangi ya dirisha, duara duara, sabuni yangu haikuziondoa.

Walipokuwa wanaandika maelezo yetu mlangoni, mzee alinisogelea akaniambia kwa Kiswahili, upesi, kama anayeniomba nimpitishie kitu: "Wewe mtu wa hospitali, sista, watakuelewa. Mimi mzee, watanifunga."

Yeye hawakumfunga. Walimpa onyo kwa sababu ya umri na uchache wa miche, kamati ikamnyang'anya kiwanja, basi. Mimi hospitali iliniambia nikae nyumbani mpaka uchunguzi uishe. Majira yote ya joto nilikaa. Nilihojiwa na polisi, nikahojiwa na wakubwa wa kazi, nikahojiwa tena na watu waliokuwa hawajawahi kuniona. Kila mmoja aliniuliza swali lile lile: muuguzi, mtu aliyesoma, amwagilie bangi bila kujua? Nilisema bamia mpaka neno likapoteza maana. Achieng alikuja akaeleza alichokiona na nilichokisema siku ile, na nadhani ndiye aliyeniokoa. Kesi yangu ilifungwa bila mashtaka. Nilirudi kazini. Lakini ombi la ukaazi lilikuwa limesimama, na lilisimama muda mrefu, na magoti ya mama hayakusubiri. Sasa namwona kwenye simu. Ananiuliza kama Walthamstow kuna baridi, namwambia nilishahama.

Mwenye nyumba alitutoa sote wawili. Alikuja mwenyewe kutoka Kingsbury, akasimama sebuleni bila kukaa. "Mama, mimi najua wewe huna kosa," aliniambia. "Lakini polisi wameingia nyumba yangu." Nikahamia kwa Achieng, Rayners Lane, London nzima kati yangu na wodi yangu. Mzee alienda kwa Neema. Ndiyo, kwa yule kasuku. Alimpokea.

Baada ya hapo Watanzania walipungua kwangu. Simu za mialiko zilikoma. Kanisani nilisalimiwa kwa ncha za vidole. Nilidhani ni aibu, kwamba wanaona haya kwa yaliyonipata, na mimi kwa kiburi changu sikuuliza.

Nilimwona tena majuzi, kwenye ubatizo wa mtoto wa pili wa Achieng. Mume wake ni Mtanzania, ukoo wake ukaja, na pamoja na ukoo akaja Bwana Shamba. Ukumbi ulikuwa umejaa, watoto wanateleza sakafuni na soksi. Aliingia akiwa ameshikwa mkono na Neema, amekwisha mwili, koti linamning'inia. Nikageuka upande wa dirisha. Mzee aliniona hata hivyo. Akaja moja kwa moja, mkongojo mbele, akasimama karibu na meza ya keki ambako wazee wengi walikuwa wamekaa.

"Jamani," alisema, na sauti ile ilikuwa haijakonda hata kidogo, "mnamfahamu huyu? Huyu ndiye sista aliyenipeleka polisi."

Pale ndipo nilipoelewa. Nilitazama nyuso za watu, na hakuna uso hata mmoja ulioshangaa. Wote walikuwa wameshaisikia. Miaka yote hii alikuwa amekwenda nayo kwenye nyama choma, kwenye misiba, kwenye ubatizo, akiisimulia, bila shaka akiigiza na mimi pia: sista wa ghorofani, msaliti, aliyemuuza mzee wa watu kwa Wazungu.

"Dad, please," Neema alisema.

"Niache niseme. Mimi ni mtu mzima, sitaki kufa na kinyongo." Akahamishia mkongojo mkono wa kushoto, akanyoosha wa kulia. "Binti yangu, mbele ya hawa watu wote: nimekusamehe."

Mama mmoja akasema amina. Mwingine akapiga makofi mawili, akaacha alipoona yuko peke yake. Achieng alikuwa ng'ambo ya ukumbi na mtoto begani, amesimama kama mtu aliyesikia glasi ikivunjika. Ule mkono wa mzee ulikuwa bado una udongo kwenye kucha. Nadhani Neema ana bustani. Nilijua kinachotakiwa. Kuushika, kuinama, kusema asante mzee, ili watu wakale keki.

Ningeweza kuwaeleza yote. Kamati, mti wa tufaha, kidole kilichonyooshwa ngazini. Lakini ingekuwa hadithi yangu dhidi ya yake, na yeye ni msimuliaji bora kuliko mimi.

"Mimi bado, mzee," nikasema.

Hakusikia, au alijifanya. "Unasemaje?"

"Mimi bado sijakusamehe."

Neema akaniangalia. Sikuona hasira usoni mwake. Akasema polepole, kwa Kiswahili, akichagua kila neno: "Hata mimi." Kisha akamshika baba yake kiwiko, akamgeuza, akamtafutia kiti.

Mimi nikachukua sahani, nikapanga foleni ya pilau.